Waya Uliowekwa Upeponi

Kuna hitilafu moja ya gari ambayo fundi umeme huitambua kabla hajashika bisibisi. Dereva anazungusha swichi ya hita hadi namba 1: kimya. Namba 2: kimya. Namba 3: kimya vilevile. Akifika namba 4, feni inavuma ghafla, vumbi la mwaka mzima linatoka kwenye matundu ya dashibodi na risiti za mafuta zinapeperuka. Fundi hana haja ya swali la pili. Feni ni nzima, fyuzi ni nzima, umeme unafika. Kilichokufa ni kipande kidogo kuliko kiganja, kilichofichwa ndani ya njia ya hewa nyuma ya dashibodi, ambacho vitabu vya fizikia hukiita kikinza na gereji zote hukiita risista.

Dalili hiyo imebaki ileile kwa zaidi ya nusu karne, katika gari la Marekani, la Uingereza na la Japani. Ili kuelewa kwa nini kasi tatu hufa na ya nne ikabaki, inafaa kurudi nyuma hadi siku ambazo gari halikuwa hata na milango.

Magari ya mwanzo yalikuwa wazi. Waliosafiri nayo wakati wa baridi huko Marekani na Ulaya walivaa makoti ya manyoya, wakafunika magoti kwa mablanketi mazito na kuweka miguu juu ya vijisanduku vya chuma vyenye makaa ndani. Vijisanduku hivyo vilirithiwa kutoka magari ya farasi, wala hakuna aliyeona ajabu. Mara nyingi husimuliwa kuwa hita ya gari ilivumbuliwa na Margaret Wilcox wa Chicago, aliyepewa hataza mwezi Novemba 1893. Mwanamke huyo alistahili sifa yake, ila msimulizi wa leo husoma neno moja, *car*, kwa macho ya leo: gari alilolikusudia lilikuwa behewa la reli. Mwaka 1893 magari ya petroli yalikuwa machache mno duniani, na abiria wake wangeshangaa kusikia kwamba kuna siku watapashwa moto.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni betri. Mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuza magari yanayowashwa kwa mota ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake wa Delco, na kutoka hapo gari likawa na betri pamoja na jenereta ya kuijaza. Palikuwa sasa na umeme wa kutosha kuzungusha kitu kingine. La pili ni paa. Kwa takwimu alizoziandika Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors, mwaka 1919 ni kama asilimia 10 tu ya magari yaliyouzwa Marekani yaliyokuwa na bodi iliyofungwa pande zote. Mwaka 1927 yalikuwa asilimia 85. Ndani ya miaka minane abiria walihama kutoka kibarazani wakaingia chumbani.

Chumba kilileta tatizo ambalo gari la wazi halikuwa nalo. Watu wanne wakipumua ndani ya vioo vilivyofungwa, asubuhi ya baridi, pumzi yao huganda juu ya kioo cha mbele na dereva haoni barabara. Jambo hili lisipuuzwe, maana ndilo linaloipa hita uzito wake hadi leo: miguu yenye baridi huudhi, lakini kioo chenye ukungu huua. Kukausha kioo kunahitaji hewa ya moto inayosukumwa kwa nguvu na kuelekezwa mahali pake, na hewa haijisukumi.

Njia ya kwanza ya kupata joto ilikuwa kuiba lile la moshi. Ford Model A ya mwishoni mwa miaka ya 1920 iliweza kufungiwa kifuniko cha chuma juu ya mabomba ya moshi. Hewa ilipita kati ya bomba na kifuniko, ikapata moto, ikaingia chumbani kupitia tundu kwenye ukuta wa injini. Ilikuwa rahisi na haikuhitaji waya hata mmoja. Hatari yake ilikuwa dhahiri pia: bomba likitoboka kwa kutu au gasketi ikiachia, kilichoingia ndani pamoja na joto ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Njia salama zaidi ilikuwa maji ya injini. Maji yale yana moto tele unaotupwa na rejeta kila dakika, kwa hiyo ilitosha kuyapitisha kwenye rejeta ndogo ya pili ndani ya chumba na kuweka feni nyuma yake. Kikwazo kilikuwa baridi yenyewe. Ili maji yasigande usiku, madereva walichanganya pombe za viwandani ambazo zilichemka na kupotea injini ikipata moto sawasawa. Mwaka 1927 Prestone ilipoingia sokoni ikiwa na ethilini glaikoli, maji yaliweza kubaki na moto wa kutosha bila kukauka. Baada ya hapo hita za maji zilishamiri. Kampuni ya Noblitt-Sparks ya Columbus, Indiana, iliziuza kwa jina la Arvin: kisanduku cha mviringo kilichofungwa chini ya dashibodi, rejeta ndogo ndani, na mbele yake feni kama ya mezani iliyotazama magoti ya abiria.

Feni hizo ndizo zilizozaa swali la kasi.

Feni ikizunguka kwa nguvu moja tu, hewa yake huwa nyingi mno au kidogo mno. Dakika tano za kwanza dereva anataka pumzi yote iende kwenye kioo. Nusu saa baadaye, chumba kikishapata moto, sauti ileile inakuwa kero na hewa ileile inakausha koo. Hakuna aliyetaka kufunga gia kwenye feni ndogo kama hiyo. Jibu lilikuwa limeshaandikwa miaka mia moja nyuma yake. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule huko Köln, alichapisha mjini Berlin kitabu kilichoeleza kwamba mkondo wa umeme hupungua kadiri ukinzani unavyoongezeka. Wajerumani wenzake hawakukipokea vyema, naye akaiacha kazi yake ya ualimu. Heshima ilimfikia kutoka London mwaka 1841 alipotunukiwa nishani ya Copley. Kwa fundi wa gari, maana ya kanuni yake ni nyepesi: weka waya mgumu kupitika kati ya betri na mota, na mota itapata volti chache, itazunguka polepole.

Ila waya huo hupata moto. James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba moto huo huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, moto unazidi mara nne. Waya wa kawaida wa chuma ungeliwa na kutu ya moto haraka. Kilichokosekana ni waya unaoweza kuwa mwekundu mara elfu bila kuungua, nao ulipatikana mwaka 1906 Albert Marsh alipopewa hataza Marekani ya aloi ya nikeli na kromi. Aloi hiyo ikipata moto hujivika ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi inayozuia hewa kuendelea kuila. Majiko ya umeme na vibaniko vya mkate vilijengwa juu yake, na aloi za jamii hiyo ndizo zilizoingia kwenye hita za magari.

Mwanzoni waya uliwekwa kwenye swichi yenyewe. Dereva alizungusha swichi, kidole cha shaba kikateleza juu ya mizunguko ya waya, na kasi ikapanda au kushuka. Ilitosha kwa feni ndogo. Lakini feni haikubaki ndogo.

Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Kenosha, Wisconsin, ilitoa mfumo uliobadili kazi ya feni kabisa. Badala ya kuzungusha hewa ileile ya chumbani, Nash ilivuta hewa mpya kutoka nje, mbele ya kioo, ikaichuja, ikaipasha moto na kuisukumia ndani hadi chumba kikawa na shinikizo kubwa kidogo kuliko la nje, baridi isipate mwanya wa kupenya. Mwaka uliofuata iliongezwa kidhibiti joto na mfumo ukaitwa Weather Eye. Karibu kila gari la leo linafuata muundo huo: tundu la hewa chini ya kioo cha mbele, kichujio, feni, rejeta ndogo, milango ya kugawa hewa kwa miguu, uso na kioo. Feni yake si panga za mezani tena. Ni ngoma yenye mapanga mengi membamba pembeni, inayovuta hewa katikati na kuitupa kandoni, na inataka mota yenye nguvu.

Katika miaka ya 1950 watengenezaji wa Marekani walihama kutoka volti 6 kwenda volti 12, na mota hizo zikapata chakula cha kutosha. Magari ya Ulaya yalikuwa na mwendo wake. Volkswagen ya kobe, isiyo na maji kwenye injini, iliendelea kupata joto kutoka mabomba ya moshi, hewa ikisukumwa na feni ya kupoza injini yenyewe. Mini ya Uingereza ilipozinduliwa mwaka 1959, mnunuzi wa toleo la bei ya chini alilipia hita kama nyongeza. Mwishoni mwa 1964 Ford ya Uingereza iliipa Cortina matundu ya hewa ya kuelekeza usoni kwa mfumo ulioitwa Aeroflow. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaikumbuka Cortina kwa sababu nyingine: miezi michache kabla ya hapo, Peter Hughes na Billy Young walishinda Safari Rally kwa Cortina GT, bila matundu hayo, wakila vumbi kama kila mtu. Mwaka 1968 kanuni za usalama za serikali ya Marekani zilianza kudai kila gari dogo jipya liwe na uwezo wa kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo cha mbele. Hita ilikuwa imetoka kwenye orodha ya anasa.

Mota ya feni yenye ngoma ikizunguka kwa kasi ya juu inaweza kula ampea 20. Sasa ichukuliwe hesabu ya kasi ya chini. Tuseme mota inazunguka polepole kwa volti 4 na ampea 4. Inatumia wati 16. Volti 8 zilizobaki lazima zimalizikie mahali, na mahali penyewe ni risista: omu 2, ampea 4, wati 32. Waya ule mdogo unateketeza nguvu mara mbili ya ile inayotumiwa na feni, na moto wake unakaribia ule wa chuma cha kulehemea redio. Moto huo ukiachwa nyuma ya swichi, karibu na plastiki na vidole vya dereva, haukaliki.

Ndipo wahandisi wakafanya jambo ambalo ni la akili kuliko linavyoonekana. Waliutoa waya kwenye swichi, wakaufunga juu ya kibao kidogo, kisha wakakipachika kibao kile ndani ya njia ya hewa, mbele ya feni. Upepo unaodhibitiwa na waya ndio unaoupoza waya. Hakuna kipozeo cha pekee, hakuna gharama ya ziada, na joto linalopotea linaungana na hewa inayoingia chumbani. Swichi ikabaki na kazi ya kuchagua njia tu. Namba 1 umeme unapita mizunguko yote ya waya. Namba 2 unaruka mmoja. Namba 3 unaruka miwili. Namba 4 hauigusi risista kabisa, unakwenda moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu ya ile dalili ya mlangoni mwa gereji. Njia tatu zina daraja moja la pamoja, na ya nne haipiti hapo.

Uzuri wa mpango huo na udhaifu wake ni kitu kimoja: waya unautegemea upepo. Feni ikikwama, kwa beringi kukauka au jani kubwa kuingia kwenye mapanga, mota isiyozunguka haina kizuizi chake cha kawaida na mkondo hupanda. Katika mfano ule ule utafika kama ampea 5, na moto wa risista utakuwa kama wati 50, sasa bila upepo hata kidogo. Na fyuzi kubwa ya feni, ya ampea 30, haitaona lolote. Kwake ampea 5 ni kazi ndogo. Fyuzi ya kawaida hupima mkondo, ilhali hatari hapa ni joto.

Kwa hiyo risista ikaongezewa mlinzi wa aina nyingine: fyuzi ya joto, kipande kidogo kilichobanwa kwenye kibao chenyewe, kilichotengenezwa kukatika kikifikia joto fulani hata kama mkondo ni mdogo. Kikikatika hakirudi. Kasi za chini zote zinakufa, ya juu inabaki, dereva anakasirika, na gari haliwaki moto. Anayeiona dalili ile kama ubovu tu anaidhulumu. Mara nyingi ni mlinzi aliyekufa akiwa zamu.

Uingereza ilijifunza somo hili hadharani. Kufikia mwaka 2015 wamiliki wengi wa Vauxhall Zafira B walikuwa wamesimulia jinsi magari yao yalivyowaka, moto ukianzia upande wa dashibodi, baadhi yao wakiwa na watoto kwenye viti vya nyuma. Uchunguzi ulielekea kwenye feni ya hita na risista yake, katika magari yasiyo na kiyoyozi au yenye kile cha kudhibitiwa kwa mkono. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni iliita zaidi ya magari 200,000 yarudishwe kukaguliwa. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa kwamba fyuzi ya joto ya risista ilikuwa imefanyiwa matengenezo yasiyofaa: mtu fulani, mahali fulani, aliunganisha pale palipokatika. Lakini magari mengine yaliendelea kuwaka, na mwaka 2016 yakaitwa mara ya pili. Julai mwaka huo wakuu wa kampuni walihojiwa na Kamati ya Uchukuzi ya Bunge la Uingereza, wakaomba radhi, na ripoti ya kamati iliyotoka Aprili 2017 iliilaumu kampuni kwa kuchelewa kuchukua hatua. Kamati ya bunge ililazimika kujadili kipande cha waya kilichofichwa nyuma ya dashibodi.

Wakati risista ikiendelea na kazi katika magari ya bei nafuu, yale ya gharama yalikuwa yameshapata njia nyingine. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walionyesha transista ya kwanza. Miongo michache baadaye transista za nguvu zilikuwa imara kiasi cha kuendesha mota. Kiyoyozi kinachojipanga chenyewe, ambacho Cadillac ilikianzisha kwa magari ya 1964, kilihitaji kasi nyingi kuliko tatu au nne, na transista iliweza kutoa kasi yoyote iliyotakiwa. Jambo la kuvutia ni kwamba transista za kwanza za feni zilifanya kazi kama risista yenye bongo: zilizuia sehemu ya umeme na kuigeuza moto. Kwa hiyo nazo zilipelekwa upeponi. Katika baadhi ya BMW za miaka ya 1990 kipande hicho kilikuwa na misumari mingi ya chuma ya kutolea joto, na mafundi wa Ujerumani wakakiita *Igel*, yaani kalunguyeye. Kalunguyeye akiugua hana dalili ya namba 4. Feni hupanda na kushuka kwa matakwa yake, au huendelea kuvuma baada ya ufunguo kutolewa hadi betri inakwisha usiku.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuacha kuuzuia umeme na badala yake kuukatakata. Transista inafungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde. Ikifungua nusu ya muda, mota inapata kwa wastani kama nusu ya volti. Ikiwa imefungua inapitisha karibu umeme wote, ikiwa imefunga haipitishi kitu, na katika hali zote mbili inabaki na moto mdogo tu. Magari mengi mapya yanatumia njia hiyo, na mita ya kawaida ikiguswa hapo inaonyesha wastani tu, namba isiyomwambia fundi mengi.

Hita ina nafasi yake pia Afrika Mashariki, ingawa mkazi wa Tanga au Malindi anaweza kucheka akilisikia neno. Anayetoka Naivasha kupanda Kinungi hadi Limuru alfajiri ya mwezi Julai, au anayepita Mufindi kwenda Njombe na Makete wakati mashamba yana umande mweupe, hamcheki mtu. Ukungu wa nje na pumzi ya abiria kumi na wanne wa matatu hukutana kwenye kioo kimoja. Kitambaa cha kufutia hufuta kwa sekunde kumi. Feni ya hita hufuta safari nzima.

Magari yenyewe kwa sehemu kubwa yanatoka Japani yakiwa yametumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, na gari la miaka saba lililolala Sapporo limeshaendesha feni yake majira saba ya theluji kabla halijapanda meli. Hufika Mombasa likiwa linang'aa, na risista yake ikiwa imeshatimiza sehemu ya umri wake.

Gari lenye usukani kulia kwa kawaida huweka feni kushoto, nyuma ya kisanduku cha vitu kilicho mbele ya abiria. Fundi mzoefu hukishusha, na kabla ya kutoa mita hutazama na kunusa. Soketi ya plastiki iliyogeuka kahawia inaeleza mengi: kiungo kilicholegea kina ukinzani wake, na ampea 20 zikipita hapo kila siku plastiki huyeyuka. Akiweka risista mpya kwenye soketi iliyoungua ataitwa tena baada ya wiki chache.

Halafu mita, na hapa magari ya Japani yamewatia wengi mashakani. Aliyezoea gari ambalo swichi na risista ziko upande wa chanya hutarajia kuona kwamba feni isiyozunguka haina volti. Katika Toyota nyingi mambo ni kinyume. Rilei inapeleka chanya moja kwa moja hadi kwenye mota, na risista pamoja na swichi ziko upande wa hasi, njiani kwenda bodi. Risista ikikatika, mita inaonyesha volti 12 kwenye waya wa kwanza wa mota na volti 12 kwenye waya wa pili, na feni imelala. Anayesoma hivyo kwa haraka atasema umeme upo, mota imekufa, na mteja atanunua mota nzima bure. Ukweli ni kwamba volti 12 pande zote mbili maana yake hakuna tofauti baina yao, na mota hula tofauti. Umeme umeingia lakini haujapata mlango wa kutokea.

Kuna jaribio la mkono ambalo halihitaji hata betri: kuizungusha ngoma ya feni kwa kidole. Ikizunguka mara kadhaa na kusimama taratibu, ni salama. Ikisimama hapo hapo au ikikwaruza, mota inakula mkondo kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyoua risista. Gari linalolala chini ya mjakaranda hukusanya maua na majani kwenye tundu la hewa. Mvua ikinyesha maji hukosa njia, yakashukia kwenye mota, na beringi zikaanza kutu. Panya nao hupenda pale, pana giza na pamba za kichujio. Kichujio kilichoziba kina udanganyifu wake: kinapunguza kazi ya mota, kwa kuwa hewa ya kusukuma ni chache, lakini kinainyima risista upepo wake. Ndiyo maana gari linaweza kuua risista mbili mfululizo ilhali mota yake ni nzima na mkondo wake ni mdogo kuliko kawaida.

Spea si ghali, na kwenye maduka ya Kirinyaga Road, ambayo wakazi wa Nairobi bado huyaita Grogan, au Gerezani jijini Dar es Salaam, zipo mpya na zipo za kukatwa kutoka magari yaliyokufa. Kishawishi kiko kwingine. Fyuzi ya joto inaonekana wazi juu ya kibao, ina miguu miwili, na kipande cha waya kinaiunganisha kwa dakika mbili. Kasi zote zinarudi na mteja anaondoka akishukuru. "Nimekupigia dairekti," husema fundi, na wengi husema hivyo kwa nia njema ya kumwokolea mtu pesa. Gari hilo litakwenda vizuri hadi siku feni itakapokwama swichi ikiwa kwenye namba 1. Bila mlinzi wake, waya utawaka mwekundu ndani ya kasha la plastiki lililojaa majani makavu, na fyuzi ya ampea 30 itakuwa imetulia mahali pake.

Gari la umeme limekuja na kuipindua hesabu nzima. Nissan Leaf ilipoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 haikuwa na injini ya kutupa joto, kwa hiyo ililazimika kuzalisha joto hilo kwa betri yake yenyewe, ikipitisha umeme kwenye ukinzani kwa makusudi. Madereva wa nchi za baridi waligundua haraka kwamba kuwasha hita kunapunguza kilomita za safari, na kufikia 2013 Nissan ilikuwa na toleo lenye pampu ya joto, inayovuta joto la hewa ya nje badala ya kulitengeneza lote upya. Kile ambacho kwa miaka themanini kilikuwa hasara ya kudhibiti feni, moto wa waya, kimekuwa bidhaa inayopimwa kwa kilomita.

Mwaka 2018 teksi za Leaf za NopeaRide zilianza kubeba abiria Nairobi. Asubuhi yenye manyunyu, dereva wa Leaf hubonyeza kitufe na kioo kinaanza kusafika kutoka chini kwenda juu, kama ilivyokuwa katika Nash ya 1938. Nyuma ya dashibodi bado kuna ngoma yenye mapanga membamba, na kando yake, ndani ya njia ya hewa, kidhibiti cha kasi kimeelekezwa upeponi.